Kuwakilisha, Kuwasilisha

Usiku wa kuamkia uchaguzi tulipakiwa kwenye basi kama magunia. Tulikuwa wajumbe thelathini na kitu, na hakuna aliyetuambia tunaenda wapi. Basi lilitoka jijini, likapanda kuelekea Limuru, likasimama kwenye hoteli moja yenye bustani na baridi ya kukata masikio. Tulikula kuku. Mimi, mtoto wa Lindi, Kibera, nilikula robo mbili za kuku usiku mmoja na sikuona haya hata kidogo. Mwendo wa saa nne hivi simu ikatetemeka: M-Pesa, shilingi 2,000, kutoka kwa mtu ambaye jina lake silijui. Hakuna aliyeniambia ni za nini. Hakuna aliyehitaji kuniambia.

Asubuhi tulirudishwa chuoni, tukapiga kura, na yule aliyetulisha kuku akawa mwenyekiti wetu.

Kwa wale hawajui mambo haya yanavyoenda, ngoja nieleze kidogo. Zamani kila mwanafunzi alikuwa anapiga kura moja kwa moja kumchagua mwenyekiti. Aprili 2016, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa sababu ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa SONU, chama cha wanafunzi cha pale. Mwisho wa mwaka huo sheria ya vyuo vikuu ikarekebishwa. Sasa wanafunzi wa kila kitivo wanachagua wajumbe watatu, na ni hao wajumbe ndio wanachagua baraza la wanafunzi. Muhula ni mwaka mmoja, na mtu akirudi ni mara moja tu. Walisema itapunguza fujo na pesa. Fujo labda. Kuhusu pesa, fanya hesabu mwenyewe: ni rahisi kununua watu elfu ishirini au ni rahisi kununua watu thelathini na kitu na kuwalisha kuku?

Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu wa kitivo chetu. Darasa lilinichagua kwa sababu naongea sana, hakuna sababu nyingine. Kwenye karatasi nilikuwa mdomo wa mamia ya watu ambao wengi wao hawakulijua hata jina langu.

Kwamba nilikosea kuzipokea zile elfu mbili, hilo sina ubishi nalo. Swali ambalo limenikalia kooni karibu miaka miwili sasa ni lingine: nilimkosea nani hasa? Kwa sababu kuna jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu. Yule jamaa ndiye nilikuwa nimepanga kumpigia kura toka mwanzo. Alikuwa mzuri kuliko wenzake. Alijua kuongea, alijua kanuni za chuo, na mwaka uliotangulia nilimwona kwa macho yangu akimtetea mwanafunzi mmoja mbele ya kamati ya nidhamu mpaka yule kijana akarudishiwa chumba chake cha hosteli. Ningempa kura yangu bure. Sasa basi, kama kura ilikuwa yake tayari, ile pesa ilinunua nini?

*

Miezi michache baadaye nikapata jibu, ingawa siku ile sikujua kwamba ni jibu.

Kulikuwa na dada mmoja wa Gatwekera, yuko mwaka wa kwanza. Kibera tunajuana, mama yake na mama yangu walikuwa wanauza mitumba Toi, vibanda viwili kutoka kimoja hadi kingine. Dada huyu alikuwa ameingia chuoni Septemba 2023, kundi la kwanza kabisa la ule mfumo mpya wa ufadhili. Mnaukumbuka. Mwanafunzi anajaza maswali mtandaoni: wazazi wanafanya kazi gani, mnaishi wapi, ulisoma shule gani. Halafu mashine inaamua familia yenu ina uwezo kiasi gani. Yeye mashine iliamua kwamba kwao kuna uwezo. Labda ni kwa sababu alisoma shule ya bweni kwa msaada wa kanisa, na mashine haikuuliza nani alilipa. Karo aliyotakiwa kulipa nyumbani ilikuwa kubwa kuliko stoku yote ya kile kibanda cha mama yake. Alikata rufaa. Rufaa haikujibiwa. Wiki mbili kabla ya mtihani, akifungua akaunti yake ya mwanafunzi, kadi ya mtihani haitoki.

Alinitafuta akiwa na karatasi zake kwenye bahasha ya plastiki, zimepangwa vizuri kweli. Barua ya chifu. Nakala ya kitambulisho cha mama. Ile rufaa. Akaniambia, "Brathe, wewe ndiye mjumbe wetu. Mimi kwa ofisi ya mwenyekiti siwezi ingia, siwajui wale watu. Nipelekee tu."

Nikamjibu kwa Kiswahili cha mikutano: "Usijali. Nitawasilisha."

Nilienda. Hiyo nataka niseme, nilienda. Nilifika mpaka mlangoni pa ofisi ya baraza, bahasha mkononi. Ndani walikuwa wanacheka, mwenyekiti na watu wake. Nilisimama pale labda dakika mbili. Nikajiona nikiingia, nikajiona nikisema "mheshimiwa, kuna kesi hapa", na nikauona uso wake ukinitazama jinsi mtu anavyomtazama fundi aliyekwisha mlipa. Si tulimalizana? Hakusema hivyo. Hakuniona hata. Lakini mimi nilisikia, na nikageuka nikaenda zangu.

Jioni nikamwandikia yule dada kwamba nimeongea nao, wanashughulikia. Akajibu na vile vikono viwili vya kushukuru.

Mtihani ukapita.

Ndiyo maana nasema ile pesa haikununua kura. Kura alikuwa nayo. Ilinunua miguu yangu, zile hatua mbili za mwisho kutoka mlangoni mpaka mezani kwake. Mtu ambaye hajakulipa anakudai. Mtu aliyekulipa ameshalimaliza deni lake, na wewe ukirudi kwake unarudi kama ombaomba. Huku mtaani watu wanasema "kula kwao, kura kwetu", chukua pesa ya mwanasiasa halafu upige kura unavyotaka. Nilikuwa naamini hivyo. Naona sasa mwanasiasa mjanja hana shida kabisa na hiyo hesabu. Piga kura unavyotaka, bora tu kesho yake usije kubisha.

*

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya, hata kwenye taarifa ya habari: kuwakilisha na kuwasilisha. Sikia vizuri yalikotoka. Kuwakilisha kumetokana na wakili, mtu uliyemkabidhi jambo lako alisimamie. Kuwasilisha kumetokana na wasili, yaani fika. Kuwasilisha ni kukifikisha kitu kule kinakotakiwa kufika. Mtu anaweza kuwakilisha miaka mitano bila kuwasilisha chochote. Ana cheo, ana kadi, ana kiti mbele kwenye mkutano, na bahasha zenu bado ziko kwapani. Mimi nilikuwa mwakilishi halali kabisa wa yule dada. Nilichaguliwa, jina langu lilibandikwa ukutani. Nilichoshindwa ni ile herufi moja, s badala ya k.

Wazungu waliofikiria sana haya mambo walikuwa na ugomvi wao. Edmund Burke, mwaka 1774, aliwaambia wapiga kura wa Bristol kwamba mbunge hawi tarishi wao. Anawadai imani, naye anawapa akili na uamuzi wake, hata pale wasipokubaliana naye. Watu wa Bristol walimvumilia miaka sita kisha wakamchoka. Rousseau, miaka kumi na miwili kabla yake, alikuwa ameshawacheka Waingereza: kwamba wanajiona huru, na kumbe uhuru wao ni siku ile ya uchaguzi peke yake, kura ikishahesabiwa wanarudi utumwani. Nilisoma hao wawili mwaka wa pili, katika somo ambalo nilipata alama ya B, na wakati huo nilimpenda Rousseau. Alikuwa mkali. Nikiwa na bahasha ya mtu mkononi, hakuna hata mmoja aliyenifaa. Burke anajadili kama nitumie akili yangu au yao. Lakini akili haikuwa shida yangu. Akili yangu na ya yule dada zilikubaliana kabisa kwamba anaonewa.

Hapa kwetu kuna watu waliopita kwenye mlango kama ule, na gharama yao haikuwa macho ya mwenyekiti. Titus Adungosi alikuwa mwenyekiti wa SONU mwaka 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, alihukumiwa miaka kumi kwa uchochezi, na akafia gerezani 1988. Mwandawiro Mghanga naye aliongoza SONU. Februari 10, 1985 polisi waliwavamia wanafunzi uwanjani wakiwa kwenye maombi, na yeye akaishia kufukuzwa chuo na kufungwa. Wafula Buke alikuwa mwenyekiti 1987, akafungwa miaka mitano akidaiwa kuipelelezea Libya, na chama chenyewe kikapigwa marufuku. Nilikuwa nikizisoma habari za watu hawa nasikia fahari ya bure, kana kwamba fahari inarithiwa na yeyote mwenye kadi ya mwanafunzi. Sasa nikizisoma nasikia aibu kidogo, na pia, niseme tu, nasikia wivu. Wao serikali iliwaogopa. Mimi hakuna aliyeniogopa. Mimi walininunulia kuku.

Lakini pia nisijipige sana, maana kuna kitu kimebadilika. Wakati ule kiti cha uongozi wa wanafunzi kilikuwa kinakupeleka Naivasha au Kamiti. Mghanga alifika bungeni, ndiyo, akawa mbunge wa Wundanyi 2002, lakini baada ya kupitia jela. Siku hizi watu wanaona njia fupi. Babu Owino aliongoza SONU mihula kadhaa, na 2017 akawa mbunge wa Embakasi Mashariki. Simsemi yeye vibaya, watu wa Embakasi wana macho na walimrudisha 2022. Nasema tu kwamba kila mwenyekiti wa wanafunzi wa rika langu anaijua hiyo hadithi kwa moyo. Na mtu anayepanda ngazi, wewe uliye chini unamwona nyayo.

*

Juni 2024 nilikuwa mjini kama kila mtu. Mtakumbuka tulikuwa tunasema hatuna kiongozi, hatuna chama, hatuna kabila. Wazee kwenye runinga walishangaa: sasa serikali itaongea na nani? Mimi sikushangaa. Nilikuwa najua bei ya mjumbe mmoja mpaka senti ya mwisho. Ukikataa kuwa na kiongozi umekataa kuwa na mtu wa kupeleka hoteli Limuru. Tarehe 25 watu waliingia bungeni, watu waliuawa, na kesho yake rais akasema hautii sahihi ule Mswada wa Fedha. Kwa mara ya kwanza maishani niliona jambo limewasilishwa bila mwakilishi. Nilirudi Lindi kwa miguu, macho yanawasha kwa moshi, nikifikiri kwamba basi, swali limejibiwa.

Usiku ukaingia. Kijana wa ploti ya pili hakurudi nyumbani. Simu yake imezimwa. Na mama yake, ambaye hajui X ni nini, hakuwa na haja na harakati isiyo na kiongozi. Alihitaji mtu mmoja mwenye jina aende kituo cha polisi, aulize, aandikiwe, halafu arudi amwambie. Watu wa namna hiyo walikuwepo, na walikuwa mawakili, wakili kwa ile maana ya kwanza kabisa. Chama cha Mawakili wa Kenya, rais wake akiwa Faith Odhiambo, kilituma watu wakazunguka vituo vya polisi wakitafuta waliokamatwa, bila malipo, wakiandika majina. Kijana wetu alipatikana siku ya tatu akiwa hai. Nimemaliza kusema hivyo kwa haraka kwa sababu wengine hawakupatikana hivyo, na mama zao wanaishi njia moja na sisi.

Kwa hiyo sikubaliani tena na wenzangu wanaosema uwakilishi umekufa, tujiwakilishe wenyewe. Kujiwakilisha ni kwa mwenye nguvu za kufika mlangoni. Ugonjwa, deni, woga, kutojua Kiingereza cha ofisi, vyote hivyo vinamweka mtu mbali na mlango, na hao ndio wenye bahasha nene.

*

Halafu zamu yangu ikafika. Mama aliugua, pesa yangu ya HELB ikaenda hospitali, nikabaki nyuma ya karo, nikakosa mitihani. Nilikuwa na haki ya kuahirisha masomo rasmi lakini kuna fomu, na fomu ina tarehe, na mimi tarehe hiyo nilikuwa nimekaa kwenye benchi wodini. Nilipoenda kujaribu tena muhula uliofuata, jina langu halikuwepo kwenye mfumo. Lilikuwa limeanguka. Hivyo ndivyo wanasema, jina "limeanguka", kana kwamba lilikuwa limekalia tawi.

Nikaenda ofisi ya baraza. Mara hii nikaingia. Mwenyekiti alikuwa mpya, kijana mpole, alinisikiliza mpaka mwisho na akaandika. Kisha akafungua kompyuta yake, akatafuta namba yangu, akageuka akasema kwa huzuni ya kweli: "Komredi, shida ni kwamba wewe si mwanafunzi. Baraza linawakilisha wanafunzi waliosajiliwa."

Alikuwa sahihi. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi nikitafuta pale alipokosea na sipaoni. Hakuwa fisadi, hakuwa mvivu. Sheria ya chama inasema mwanachama ni aliyesajiliwa, na aliyesajiliwa ni aliyelipa. Maana yake ni kwamba shida kubwa kuliko zote inayoweza kumpata mwanafunzi, ile ya kushindwa kulipa, ndiyo hiyo hiyo inayomfuta kwenye orodha ya watu wanaostahili kutetewa. Ni kama zahanati inayotibu watu wazima wa afya peke yao. Unatetewa kuhusu chakula cha kantini, kuhusu taa za hosteli, kuhusu mhadhiri asiyekuja darasani. Ukianguka chini kabisa, unakuwa umetoka nje ya mipaka ya lugha yao. Hawana neno la kukuita.

Nani anawawakilisha walioacha? Si swali la chuo peke yake. Mpangaji akifukuzwa si mpangaji tena, chama cha wapangaji kinamwambia nini? Mfanyakazi akiachishwa? Kibera yenyewe inalijua swali hili vizuri kuliko mimi. Wanubi waliletwa pale na Waingereza wakiwa askari, wakaiita Kibra, msitu, wakazika wazee wao pale, na kwa miaka mingi walipoenda kudai hati za ardhi na vitambulisho waliulizwa kwanza, nyinyi ni nani. Ili utetewe lazima kwanza uhesabiwe, na anayehesabu ni yule yule unayemlalamikia.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema ule mfumo wa ufadhili ulikuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mimi niliisoma hukumu hiyo kwenye simu, nikiwa nimeshahama Kibera.

*

Nilihamia Kawangware, upande wa Gatina, sababu ikiwa ni aibu tu. Kule Lindi kila mtu alikuwa ananiuliza "unamaliza lini?" Huku hakuna anayejua nilianza. Naandika makala za watu wengine: wasifu wa kampuni, hotuba ya harusi, mara moja nimeandika manifesto ya kijana anayewania uongozi wa wanafunzi katika chuo kingine, kwa shilingi 1,500. Ndiyo, nilizipokea.

Ploti yetu ina vyumba kumi na vinne, bomba moja, vyoo viwili. Maji yalikatika wiki tatu. Mwenye ploti anaishi mbali na msimamizi wake hashiki simu. Kuna mama mmoja hapa wa chumba namba saba, anafua nguo za watu Lavington. Hakuchaguliwa na mtu. Jumapili moja alifunga leso, akasema anaenda kumwona mwenye ploti nyumbani kwake, nani ana neno la kutuma? Watu wakatoka milangoni wakasema. Mmoja akasema maji. Mwingine akasema mlango wa choo. Mzee wa namba mbili akasema aambiwe kodi ya mwezi huu itachelewa, mkono wake umevunjika. Yule mama hakuandika. Alirudia kila neno kwa sauti, mara mbili, mpaka aliyesema akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Alirudi saa moja usiku. Hakuingia chumbani kwake. Alisimama kwenye uwanja pale kwenye kamba za nguo akapaza sauti, na sisi tukatoka. Maji, amesema ni wiki ijayo, mimi sijamwamini. Choo, amesema tununue bawaba atakata kwenye kodi. Mzee, nimemwambia, amekataa, nimemwambia tena, amesema siku kumi. Na kuna kitu sikumwambia, ile ya stima, nilisahau, nisameheni.

Nilikaa ndani ya mlango wangu nikisikiliza na mwili ukawa moto. Hakuleta maji. Karibu kila jibu lilikuwa hapana au ngoja. Lakini ile "nilisahau, nisameheni" ndiyo iliyonimaliza. Mimi nilikuwa na vikao, nilikuwa na mhuri, na katika mwaka mzima sikuwahi kusimama mbele ya darasa langu nikasema nilienda, wamesema hapana. Hata hapana ni mali ya mtu. Yule dada angepewa hapana yake mapema angekimbilia kwingine: kwa mbunge, kwa kanisa, kwa mkuu wa wanafunzi mwenyewe. Nilichomnyima ni zile siku kumi na nne. Alizikalia akingoja kitu nilichosema kinakuja.

Huwa natembea kwenda kwa mama Jumapili: Naivasha Road, Dagoretti Corner, nashuka na Ngong Road mpaka nakata kuelekea Olympic. Mwezi uliopita nilimkuta yule dada pale Olympic anangoja matatu. Alipoteza mwaka mzima, akauza nguo na mama yake, akarudi. Yuko mwaka wa pili sasa. Nilimwambia pale pale stejini, kabla sijapata muda wa kuipamba. Kwamba sikuingia ofisini. Kwamba nilikuwa nimepewa kitu.

Akanitazama. "Mi nilijua," akasema. "Sura yako tu. Ulipewa ngapi?"

"Ngiri mbili."

Akacheka mpaka kondakta akageuka. "Ulipunjwa, brathe. Wa kitivo cha biashara walipata tano tano."

Halafu hakucheka tena. Akaniuliza ile bahasha iko wapi, kwa sababu barua ya chifu ilikuwa orijino na alilipia mia mbili kupata nyingine. Nikamwambia ninayo. Ninayo kweli, iko chini ya godoro, nimehama nayo. Akasema nimletee, na mia mbili yake pia.

Juzi mama wa namba saba alibisha mlangoni kwangu. Mwenye ploti ameandika barua kwa Kiingereza, anataka kupandisha kodi, na anataka wapangaji watume mtu mmoja wa kuzungumza naye. "Kijana, wewe umesoma," akaniambia. Nikamwambia sikumaliza, mama. Akasema hakuniuliza kama nilimaliza, ameniuliza kama Jumamosi niko. Nimemwambia nitaenda ikiwa tutaenda wawili, na jibu atalisema yeye uwanjani, mbele yangu. Amekubali. Ametaka pia tusinywe chai ya yule mtu.